Kutembelea viwanja vya wazi, vivuli na fukwe za mitaani Mtwara: mwongozo kamili

Maeneo mengi ya kupumzikia katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani hayana geti, tiketi wala ubao wa saa za kufungua. Ni kiwanja cha mpira cha mtaa, mwembe mkubwa karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, ufukwe wa Shangani, kilima kilicho nyuma ya Boma la Mikindani. Uhuru huo ndio uzuri wake. Ndio pia unaowaponza watu. Wanafika na watoto saa 4 asubuhi kwa nia ya kuogelea, wakakuta bahari imekwenda mbali na mbele yao ni matope na mawe tu. Au wanatandika mkeka penye kivuli kizuri, na baada ya saa moja jua linawapiga utosini.

Karibu kila matembezi yanayoharibika hapa yameharibikia nyumbani, kabla mtu hajatoka. Kuna maswali matatu ya kujibu mapema: eneo ni la nani, maji yatakuwa wapi saa hiyo, na kivuli kitahamia wapi. Ukiyajibu matatu hayo, yaliyobaki ni mkeka na chakula.

Hatua ya 1: Jua eneo ni la nani

Mji wa Mtwara ulipangwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, walipojenga bandari na reli kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulikufa mapema miaka ya 1950 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini barabara pana na nafasi kubwa kati ya majengo zimebaki hadi leo. Kwa sababu hiyo mgeni huona maeneo matupu kila upande, akadhani yote ni ya umma. Sivyo. Eneo tupu laweza kuwa kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga, hifadhi ya barabara, ardhi ya taasisi, au kweli eneo la wazi la mtaa.

Njia ya haraka ya kujua ni kuuliza katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji au mwenyekiti wa mtaa atakwambia kwa dakika tano kiwanja ni cha nani na nani hukitumia. Familia ya watu sita au kumi inayokaa na mkeka wake katika kiwanja cha umma haihitaji kibali. Kibali kinahitajika mnapofika na turubai, viti vya kukodi, spika, au kundi kubwa la darasa, kikundi cha kuweka na kukopa au sherehe. Hapo andika barua fupi ya ukurasa mmoja inayotaja tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na jina la mtu atakayehakikisha usafi. Ipeleke kwa mtendaji angalau wiki moja kabla, naye atakwambia kama itabidi ifike kata au manispaa. Barua inayokosa jina la mtu wa usafi ndiyo hukwama mara nyingi, na kwa haki kabisa.

Viwanja vya shule vina utaratibu wake. Ingawa havina ukuta, mwenye neno ni mwalimu mkuu, na siku za masomo usiingie. Viwanja vya misikiti na makanisa, omba kwa wahusika wa hapo.

Mashamba ya mikorosho yaliyopakana na nyumba, kuelekea Naliendele kwa mfano, ni suala nyeti zaidi. Hata kama kuna njia ya miguu inayokatiza katikati, mkorosho una mwenyewe. Kupita njiani hakuna ubaya. Kuketi chini ya mti unaomba. Kuokota korosho wakati wa mavuno, takriban Oktoba hadi Desemba, ni wizi na hutendewa kama wizi, hata kama aliyeokota ni mtoto na ameokota tatu. Bibo (tunda la mkorosho) lililoanguka nalo uliza kwanza, maana korosho bado imening'inia kwake.

Hatua ya 2: Soma maji kabla ya kuchagua saa

Kama unakwenda pwani, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Bahari ya Mtwara hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi kama mita 1 na ushee. Ufukwe ule ule unakuwa mahali pawili tofauti kabisa.

Kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu, hesabu ni nyepesi. Siku ya 1 na siku ya 15 za mwezi, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Siku ya 4 maji yatakupwa karibu saa 6:30 mchana. Siku ya 8 mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa karibu saa 10 jioni. Hayo ni makadirio ya kupangia ratiba, na yanaweza kupishana na bahari kwa saa nzima, hivyo siku yenyewe hakiki kwa jedwali la maji la simu au kwa mvuvi anayetengeneza nyavu ufukweni. Mvuvi ni bora, kwa sababu atakuambia na upepo.

Ukitumia jedwali la simu, angalia mambo mawili. Kwanza, liwe la Mtwara, wala si la Dar es Salaam. Pili, saa zake. Majedwali huandika saa 24: 10:30 ni saa 4:30 asubuhi yetu, na 16:00 ni saa 10 jioni. Mtu anayesoma "maji kujaa 10:00" akaenda saa 10 jioni atakuta ufukwe mtupu.

Sasa chagua kulingana na unachotaka:

Kuogelea na watoto asubuhi: tafuta siku ya 6 hadi ya 9, au ya 21 hadi ya 24. Maji hujaa asubuhi, na kwa kuwa ni maji mafu mkondo wake ni mpole.

Kutembea kwenye tambarare ya mchanga na mawe, kuwaonyesha watoto kaa, chaza na nyota wa bahari: siku ya 1 hadi ya 4, au ya 15 hadi ya 18. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na geuka kurudi pale pale yanapofikia mwisho wa kupwa.

Kuhusu kugeuka huko tunasisitiza, kwa kuwa ndipo watu wanapokwama. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yachukulie kupanda kwa saa sita: saa ya kwanza hupanda sehemu 1 ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3.6 maana yake saa ya kwanza bahari imepanda sentimita 30 tu, na mtu anajiambia bado kuna muda. Saa ya tatu peke yake inapanda sentimita 90. Tena maji hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Mtoto aliyevuka mfereji wenye maji ya vifundoni anaweza kuukuta una maji ya kifuani.

Hatua ya 3: Panga kivuli

Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni liko kaskazini, na saa 6 mchana kivuli cha mti hulala upande wa kusini kwa urefu wa kama theluthi mbili za kimo chake. Desemba jua limepita kusini, kivuli ni kifupi, kama robo ya kimo, na kimelala kaskazini. Karibu na tarehe 20 Oktoba na 22 Februari jua hupita juu ya kichwa, na kivuli huwa chini ya matawi peke yake.

Jambo la kukumbuka kila siku: asubuhi kivuli kiko magharibi ya shina, jioni kiko mashariki. Anayefika saa 3 asubuhi kwa nia ya kukaa hadi saa 8 asitandike pale penye kivuli kirefu cha magharibi, kwa sababu kitamkimbia. Atandike karibu na shina, kisha ahamie upande wa mashariki jua likishapita kichwani. Anayefika saa 9 alasiri atandike mashariki moja kwa moja, na kivuli kitazidi kumjia.

Mti wenyewe nao una tabia zake. Mwembe mkubwa una kivuli kizito kuliko miti yote ya mitaani, lakini kagua matawi kabla ya kukaa. Ukiona majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko, hayo ni makazi ya sisimizi wakali waitwao maji moto, na wakishashuka mkekani hakuna mtoto atakayekaa tena. Mwisho wa mwaka embe nazo huanguka. Mkungu una matawi yaliyotandazika kama ghorofa na ni mti mzuri sana wa pwani. Mwarobaini ni salama na mwepesi. Mvinje una kivuli chepesi kinachopitisha jua, unafaa jioni tu. Chini ya mnazi usikae wala usimlaze mtoto, hata kama unaona hauna nazi, maana kuti kavu linatosha kuumiza. Mkorosho, ukishapata ruhusa, una matawi ya chini yanayofaa kupandwa na watoto, ila waonye wasiuume ganda la korosho mbichi. Mafuta yake huchoma midomo na ngozi, na kidonda chake hukaa siku kadhaa.

Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho, zaidi asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza. Ukiona vumbi la manjano hafifu au kusikia mashine ya kupulizia, badili njia siku hiyo. Salfa huwasha macho na koo, na mwenye pumu huumia zaidi.

Misimu kwa ufupi

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba: hewa imepoa, nyasi ni fupi, mvua hakuna. Kusi huvuma kwa nguvu mchana, hivyo pwani nenda asubuhi na viwanja vya ndani nenda jioni. Oktoba na Novemba joto linapanda na nyasi zimekauka, moto ndio hatari. Desemba hadi Aprili ni msimu wa mvua: unyevu, mbu wa jioni, nyasi ndefu zenye nyoka pembezoni mwa viwanja. Matembezi yasikome msimu huo, yawe mafupi tu, na watoto wavae viatu vya kufunika vidole badala ya kandambili.

Jua huzama saa 12 na dakika chache jioni mwezi Juni, na karibu saa 12:45 mwishoni mwa Januari. Giza huingia haraka, chini ya nusu saa baadaye. Kunja mkeka jua likiwa bado linaonekana.

Hatua ya 4: Fungasha

Maji ndiyo ya kwanza. Kwa nusu siku hesabu lita 2 za kunywa kwa mtu mzima na lita 1 kwa mtoto. Familia ya watu wazima wawili na watoto watatu inahitaji lita 7 za kunywa, na dumu jingine la lita 10 la kunawia mikono, kusafishia kidonda na kuogeshea miguu yenye mchanga. Maji ya kunywa na ya kunawa yasiwe katika dumu moja. Weka pakiti mbili za ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) ndani ya mkoba. Kila moja huchanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.

Chakula kiwe kikavu. Wali wa nazi ni mtamu nyumbani, lakini ukifungwa ukiwa moto na kubebwa juani huchacha upesi, na tumbo la mtoto ndilo linalotangulia kulipa. Ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa kama viazi) ya kuchemsha na chumvi, mihogo ya kuchoma, chapati, mayai ya kuchemsha yaliyobaki na maganda yake, korosho za kukaanga, ndizi na machungwa hukaa vizuri bila barafu. Samaki wa kukaanga aliwe ndani ya saa mbili. Kama unapenda madafu, nunua huko huko na umwombe muuzaji achukue vifuu, au uvibebe mwenyewe.

Mkeka wa ukindu ni bora kuliko turubai la plastiki, kwa kuwa haukusanyi joto na haupeperuki ovyo. Chukua khanga mbili za ziada: moja ya kujikaushia, nyingine ya kujifunika mnaporudi. Sabuni kipande. Kibanio kidogo cha kutolea miiba. Filimbi kwa kundi lenye watoto zaidi ya watano. Gunia au kiroba kimoja cha taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na upepo wa kusi ni sababu nyingine tosha ya kutoipeleka pwani.

Kwa pwani ongeza dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana, na kamba ya mita 15 iliyofungwa mpinini. Hicho ni chombo cha kuokolea mtu majini, na karibu kila nyumba inacho tayari.

Choo ndicho kitu kinachosahaulika. Viwanja vingi havina. Kabla ya kutandika, tafuta kilicho karibu: sokoni, mgahawani, kituo cha mafuta, msikitini. Omba mapema, kabla mtoto hajabanwa, na mkitumia choo cha mtu mwachie maji ndooni.

Hatua ya 5: Wapi pa kwenda

Kwa anayeanza, kiwanja cha mtaa wake ndicho cha kwanza. Chuno, Magomeni, Likombe, Chikongola, popote, kuna uwanja ambapo vijana huanza mpira karibu saa 10:30 jioni. Kaa pembeni mwa uwanja karibu na mstari wa kati, usikae nyuma ya goli, na uwaulize wenye mpira kama kuna mechi. Asubuhi uwanja huo huo ni wa watoto wadogo, kimya na baridi. Viwanja vya Mashujaa katikati ya mji vinafaa kwa jioni fupi baada ya shughuli za sokoni, ila hutumika kwa mikutano na sherehe, hivyo uliza kabla ya kuleta watu wengi.

Shangani ni ufukwe wa mtaani kwa maana halisi: nyumba, barabara, kisha bahari. Fuata hesabu ya maji iliyo juu. Jiepushe na ncha inayoelekea mlango wa ghuba, ambako meli hupita kuingia bandarini. Maji yote ya ghuba hupita hapo yakiingia na kutoka, mkondo ni mkali na kina huongezeka ghafla. Bandari, kambi na uwanja wa ndege visipigwe picha.

Ng'ambo ya ghuba kuna Msangamkuu, mchanga mweupe na minazi. Unavuka kwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko. Kabla ya kuvuka, uliza safari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na panga kurudi kwa safari iliyotangulia hiyo ya mwisho. Anayekosa kivuko huishia kwenye mtumbwi uliojaa, jioni, bila jaketi la kuokolea. Msangamkuu ni kijiji cha watu, kwa hiyo vaa khanga au shati unapopita kwenye nyumba, na sauti ya muziki ishushwe wakati wa adhana. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kila mtu akilie kwa stara, pande zote za ghuba.

Mikindani, kama kilomita 10 kwenye barabara ya Lindi, inafaa kwa wanaopenda kutembea. Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, na ni kutoka Mikindani ambako David Livingstone aliingia bara mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Panda kilima cha nyuma kabla ya saa 3 asubuhi ukiwa na kijana wa pale anayejua njia, na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Chini kuna mikoko. Itazame kutoka ukingoni: matope yake humeza mguu hadi gotini, mizizi inakata, na kukata mti wowote wa mikoko bila kibali ni kosa.

Msimbati ni safari ya aina nyingine. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ina kiingilio na masharti yake. Usiichanganye na matembezi ya jioni.

Usafiri ndani ya mji ni bajaji na bodaboda. Patana bei ya kwenda, na kama mnakwenda mbali patana na saa ya kurudi pia, kisha lipa nusu. Watoto wawili na mtu mzima juu ya bodaboda moja haifai hata kama dereva anakubali.

Hatua ya 6: Ukishafika

Kabla mtu yeyote hajavua viatu, mtu mzima mmoja azunguke eneo kwa dakika tano akitazama vioo, misumari, sindano, vichuguu, mashimo na waya za umeme zilizolegea. Chora mpaka kwa kitu kinachoonekana, kama vile "usipite ule mti na ule mtumbwi". Mtoto haelewi "usiende mbali".

Majini, fukwe hizi hazina mlinzi wa waogeleaji. Mteue mtu mzima mmoja anayetazama tu, bila simu, na mbadilishane kila dakika 30. Mtoto wa chini ya miaka saba akae umbali wa mkono wako. Wakubwa wasipite maji ya kiunoni. Mtu akizidiwa, usimfuate kwa kuogelea kama hukufundishwa kuokoa. Mrushie dumu na uvute kamba, huku mwingine akiita wavuvi. Maji yakikubeba kwenda nje, usipigane nayo kuelekea ufukweni. Kata kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo.

Kwenye mawe tembea na viatu. Kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu inayovunjikia ndani ya ngozi, kuna taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanaojifukia mchangani, na kuna samaki anayefanana na jiwe hasa. Kwenye mchanga wenye maji, buruza miguu badala ya kuinyanyua ili taa ashtuke na kuondoka. Konokono hai mwenye umbo la koni asiokotwe kabisa, baadhi yao huchoma kwa sumu kali.

Akichomwa na taa au mwiba, loweka mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia kwa dakika 30 hadi 90. Mtu asiyeumia ndiye ajaribu joto kwanza, kwa sababu aliyeumia anaweza kuungua bila kuhisi. Toa mwiba unaoonekana kwa kibanio, na usichokonoe uliozama. Akiguswa na konyeza (mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazochoma), suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kibanio, usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji yasiyo na chumvi. Mkato wa jiwe uoshwe kwa sabuni na maji mengi safi siku hiyo hiyo, kwani hata ukiwa mdogo huota usaha. Akihema kwa shida, akivimba uso, au kama kipande cha mwiba wa taa kimebaki ndani, nendeni hospitali mara moja. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na Mitengo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto 114.

Moto, kama ni lazima, uwashwe kwenye jiko la mkaa juu ya mchanga mtupu, mita tano au zaidi kutoka kwenye mti na nyasi. Mkaa uzimwe kwa maji mpaka uweze kuushika. Kuufukia mchangani ni kosa baya: mchanga hushika joto kwa saa nyingi bila kuonekana, na mtoto wa familia nyingine ndiye atakayeukanyaga.

Kabla ya kuondoka, panga watoto mstari mmoja, hatua mbili kati ya mtoto na mtoto, mtembee mara moja eneo zima mkiokota. Ni dakika kumi. Okoteni na takataka ambazo si zenu.

Kiwanja kikianza kumegwa

Kiwanja cha wazi kisichotumiwa hakikai muda mrefu. Huanza kwa rundo la mchanga wa ujenzi, kisha tofali, kisha msingi. Hatua zichukuliwe kwenye mchanga, maana msingi ukishachimbwa kesi inakuwa ndefu.

Piga picha yenye kitu kisichohama ndani yake, kama nguzo ya umeme au kona ya shule, na uandike tarehe. Nenda kwa mtendaji wa mtaa ukaulize matumizi ya eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji. Kama ni eneo la wazi, ombeni jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Kisha andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani na idara ya mipango miji, mkiambatisha picha na nakala ya muhtasari. Bakini na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Kwa upande wa pwani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Ukuta au rundo la mawe likitokea ndani ya ukanda huo, taja mita hizo kwenye barua na upime kwa kamba mbele ya mashahidi.

Na pale ambapo kiwanja hakina kivuli, ombeni ruhusa ya mtaa mpande mti. Mvua za Desemba zikishaloanisha ardhi, chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho, ukitenga udongo wa juu. Changanya udongo huo na debe mbili za samadi iliyoiva, rudisha, panda mche wa mwembe, mkungu au mwarobaini wenye kimo cha nusu mita au zaidi. Acha mita 10 kati ya mwembe na mwembe, na mita 5 kutoka mstari wa uwanja wa mpira. Zungushia miti ya miiba au fito mpaka kifuani, kwa sababu miche mingi ya mitaani huliwa na mbuzi kabla ya kiangazi kuifikia. Kuanzia Mei, mche unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki mpaka mvua zirudi, na wachezaji wa uwanja huo ndio wagawane zamu: timu moja Jumatano, nyingine Jumamosi, kabla ya mazoezi.